Hadassa anatema kahawa, njo kazi yake

— Ulitema kahawa ya baba yako!

— Mama, tunatemaka yote.

— Ile yote ni ya bengine! Hii ni ya baba yako!

— Kikombe haina jina, Mama. Iko na numéro, tena numéro yenyewe iko chini. Mi najua aje ni ya nani?

— Ulimi haikukuambia? Ulimi yenye banakulipa juu yake, haikutambua shamba yenye ilikukomalisha?

— Ulimi ilitambua moshi.

— Moshi! Unasikia, Papa Hadassa? Anasema moshi!

Ni saa tatu ya asubui, mbele ya mulango ya laboratoire moja ya kahawa, hapa Butembo. Mwenye analalamika ni Mama Kavugho, kitenge ya kanisa, mikono ku kiuno. Mwenye anajibu ni binti yake, Hadassa Kasika, miaka makumi mbili na ine, blouse nyeupe ya kazi, kijiko mukononi. Papa Kitsa, baba, ameikala juu ya sac ya kahawa na anaangalia barabara.

Balishuka na moto, ile pikipiki ya kulipa, tangu kwabo, ku bilima ya upande wa Kyondo. Kahawa yabo ilikatalwa wiki yenye ilipita. Mwenye aliikatala ni mutoto wabo.

Kazi ya Hadassa ni hii: kunywa kahawa na kuitema. Hakuna kosa ya kuandika hapo. Banachoma mbegu kidogo, banasaga, banamwanga maji ya moto mu bikombe, na ye anapita na kijiko, kikombe kwa kikombe. Anavuta kahawa na nguvu mpaka inaruka ku paa ya mudomo, anafunga macho, anatema mu ndoo. Kisha anasema: hii ni muzuri, hii ni ya katikati, hii irudi kwabo. Banaita bantu ya ile kazi ba-dégustateur. Mutu mwenye ananunua kahawa kule Ulaya anangojea kwanza ulimi yake.

Siku ya mavuno, anaweza kupitisha bikombe mia mbili. «Nikimeza yote,» anasema, «moyo itatoka mu kifua ikimbie peke yake mpaka Beni.»

Shida ya kwanza ilikuwa makelele. Ile kuvuta inalia sawa mutu anapasua shuka. Na Hadassa alikomala ku nyumba yenye mutoto akivuta uji na makelele, mukono ya baba inafika mbele ya kijiko. «Siku za kwanza nilikuwa naona haya,» anasema. «Nilikuwa nakunywa pole pole, sawa bibi-arusi mbele ya bamama-mukwe. Chef ananiambia: Dada, hapa adabu inaharibu kazi.»

Tuseme wazi. Hapa kwetu mutoto akianza masomo, familia inaanza kungojea bureau. Bado meno ya maziwa haijatoka, baba alishaona cravate ku shingo yake. Na hizo bureau ziko wapi? Zile chache ziko, bantu beko ndani tangu zamani na hapana fikiri kutoka. Donc bijana ya diploma beko ku moto, beko ku kuuza crédit ya simu, beko mbele ya duka ya mujomba banalinda frigo.

Rafiki ya Hadassa, Falonne, alimaliza droit, masomo ya sheria, muzuri kabisa. Eko anafanya stage, kazi ya kujifunza bila mushahara. Stage yenyewe imerefuka mpaka Falonne anasema: «Siku nitakufa, bataandika ku musalaba: hapa analala stagiaire.» Anasema ile na meno yote inje.

Hadassa naye alikuwa ku droit. Aliacha mwisho ya mwaka ya pili. Haikukuwa uvivu. Mavuno ilikuwa mubaya, minerval, makuta ya masomo, ikakosa. Akaingia mu dépôt, stoo ya kahawa, kuchagua mbegu: kuikala na bamama juu ya mukeka, kutosha na kutupa zenye zimeoza, kutosha zenye badudu bamekula. Kazi ya mugongo, hapana ya kichwa. Yeye mwenyewe alifikiri ni ya myezi kidogo.

Siku moja akakatala beseni nzima.

«Mimi nilikuwa napita naenda kula,» anasema Gracien Maliro, chef ya laboratoire, mubaba mufupi wa kucheka mingi. «Nikasikia binti anagombana na mupima kilo: hii inanuka viazi! Hii inanuka viazi! Nikaweka pua. Mbegu ilikuwa bado hata kuchomwa, na ye alishasikia. Njaa yangu iliisha palepale.»

Ile viazi ni ugonjwa ya kahawa ya bilima yetu. Mbegu moja tu inaharibu kikombe, inanuka sawa viazi bichi yenye unatoka kumenya. Banunuzi banaiogopa. Gracien akamutosha Hadassa ku mukeka, akamuweka ku meza, akamufundisha.

Mama Kavugho, mwenye alizaliwa Masereka, kule kwenye viazi njo maisha, ile maneno haijamushuka mpaka leo. «Sisi tulikomala na viazi, tulisoma na viazi, hata mbuzi za mahari yangu zilinunuliwa na viazi,» anasema. «Na huyu anaambia bazungu viazi ni kasoro! Anatusemea mubaya, muji muzima!»

Jirani bakimuuliza mutoto wake anafanyaka kazi gani, anajibu: «Anakunywaka.» Halafu anaona namna banamuangalia, anaongeza mbio: «Kahawa! Kahawa!»

Kwa Papa Kitsa, neno ilikuwa nzito zaidi. Ye ni muzee wa kanisa. Zamani alisimama mbele ya bantu yote, akaomba maombi juu ya binti yake mwenye atakuwa avocate. Bantu bakapiga makofi. Banaomba tangu ile siku, kila siku ya kanisa, na bidii. Sasa utaambia Mungu aje kama mupango ilibadilika?

Hadassa hakufika kumuambia baba yake. Kila akipanda kwabo, baba anasema: «Musimu huu kahawa itatoka muzuri, utarudia masomo.» Na ye anajibu: «Tutaona, Papa.» Kisha anabadilisha maneno, anauliza habari ya mbuzi.

Basi musimu ikafika, kahawa ikatoka mingi. Papa Kitsa akapeleka ku dépôt, akiwa anahesabu tayari minerval. Kahawa ikapita mu laboratoire sawa zote, na numéro chini ya kikombe. Hadassa akavuta, akatema, akasema: moshi. Kahawa ikarudi.

Mupima kilo njo alimuambia muzee nani alikuwa ku meza ile siku. Papa Kitsa akafikiri kitu moja tu: huyu mutoto hapana taka masomo, donc ameua kahawa yenye ingemulipia.

«Nilijua hataki kurudi, mimi si kipofu,» anasema pale juu ya sac, neno yake ya kwanza tangu asubui. «Mais mutu anasema na mudomo. Hapana kumuangusha baba yake mbele ya bapima kilo.»

Hadassa anapanguza kijiko ku blouse, tena na tena, na kijiko ilishakauka.

«Papa, naapa sikujua.»

«Kama hukujua, onyesha,» anasema baba. «Onyesha hiyo moshi. Ukishindwa, vua ile nguo nyeupe leo leo, twende kukuandikisha ku droit.»

Gracien alikuwa ku dirisha tangu zamani, anasikia yote bila haya. Anatoka.

«Papa, wasingya, asante kwa kufika. Nikuulize: ile miaka yote unalima, ulishakunywa kahawa yako?»

«Mimi? Mi nakunywaka chai.»

«Hata siku moja?»

«Kahawa ni ya kuuza, mwanangu. Nani anakulaka tôle, ile bati ya nyumba yake?»

Gracien anacheka mpaka anashika mulango. «Basi ingia. Leo Hadassa atasimama pembeni. Mwenye atavuta ni wewe.»

Banaingia. Mama Kavugho naye anaingia, lakini ku mulango wa ndani Gracien anamusimamisha.

«Mama, usikasirike. Utaangalia ku dirisha, kwa inje. Mafuta yako ya nywele inanuka nguvu kuliko kahawa.»

«Ndugu yangu aliniletea tangu Uganda!»

«Nasikia, Mama. Nasikia hata Uganda yenyewe.»

Mama anatoka, anazunguka nyumba, anatokea ku dirisha na kichwa nzima ndani. Gracien anapanga bikombe bitatu ku meza ya kuzunguka, moja ni ya Papa Kitsa. Anamugeuza Hadassa uso ku ukuta. Anabibadilisha fasi, anabibadilisha tena. Maji ya moto inaingia, povu inapanda, nyumba yote inajaa harufu yenye inafanya mutu asahau kama alikuwa na kasirani.

Papa Kitsa anashika kijiko sawa mutu mwenye banamupatia dawa. Anachota, anakunywa pole pole, mudomo imefungwa, kizee.

«Hapana vile, Papa,» Hadassa anasema, bado uso ku ukuta. «Sisikii makelele. Vuta!»

«Nilikupiga juu ya hii makelele.»

«Najua. Matako yangu inajua. Vuta!»

Papa Kitsa anaangalia mulango, sawa muchungaji anaweza kuingia. Kisha anavuta. Fruuuut! Kahawa inamupita njia mubaya, anakohoa, machozi inatoka. Ku dirisha Mama Kavugho anapiga ukuta na mukono. «Yesu wangu! Muzee wa kanisa anakunywa sawa ng'ombe ku mutoni!»

Anajaribu tena. Mara ya pili ni muzuri. Mara ya tatu inalia mpaka Gracien anapiga makofi. Na sasa Papa Kitsa hapana angalia mutu tena. Anarudia kikombe ya kwanza, anainama, anavuta, anatema mu ndoo.

«Hii ni ndimu.»

Ya pili. Anasimama kidogo, ulimi inatembea ndani ya mashavu.

«Hii… ni sawa miwa. Kahawa inakuwaka na sukari peke yake?»

«Inakuwaka, Papa.»

Ya tatu. Anavuta. Hapana tema. Anameza. Anachota tena, anameza tena, na uso yake inafunguka yote.

«Hii njo kahawa,» anasema. «Zile zingine ni za bagonjwa. Hii iko na nguvu. Hii ni yangu.»

«Papa anajua aje?» Gracien anauliza.

«Inanuka kwetu. Mutu anatoka shamba mangaribi, mvua imemupiga, anafungua mulango: ni hii. Hata macho ikifungwa, nitajua nimefika.»

Gracien anainua kikombe, anaangalia numéro chini. Anapiga meza mpaka bijiko binaruka. «Ni yake! Ni yake kweli! Hadassa, hukuokota hii ulimi ku barabara, uliiriti!»

Hadassa anageuka. Anacheka, mais pole.

«Papa, mutu akifungua mulango ya kwetu mangaribi, anasikia harufu ya nini?»

Papa Kitsa anavuta tena kidogo. Anaangalia kikombe. Halafu, pole pole, anageuza kichwa ku dirisha. Gracien naye anageuza. Hadassa naye.

Mama Kavugho anaacha kucheka.

«Munaniangalia nini?»

Kumbe ile musimu bezi balikuwa banazunguka mu kijiji, banabeba kahawa ya bantu usiku. Mama Kavugho hakungojea mukutano ya kijiji. Alipandisha masac yote ku dari ya jikoni, juu ya moto, fasi yenye anawekaka mahindi na maharagi. Moshi inafukuza badudu. Na hakuna mwizi mwenye alishazaliwa wa kupita mbele ya sufuria ya Mama Kavugho.

«Haikupotea hata kilo moja!» analia ku dirisha. «Ililala kavu, ililala muzuri! Niliilinda sawa mutoto muchanga!»

«Uliipika, Mama,» anasema Hadassa.

Kucheka inaanza mu tumbo ya Papa Kitsa. Inapanda ku mabega. Inatoka ku mudomo, na muzee anacheka sawa batoto banacheka mu kanisa, ile kucheka yenye mutu anakataza na inazidi. Gracien anaikala chini. Mama Kavugho anajaribu kukasirika, inamushinda.

«Basi ni mimi njo nilikula minerval,» anasema, anapanguza macho na kitenge. «Avocate wangu, niteteye!»

«Niliacha ku mwaka ya pili, Mama. Kesi ya moshi hatukufika.»

Kucheka ikiisha, Papa Kitsa anaweka kijiko ku meza. Anamuangalia binti yake uso kwa uso.

«Sawa. Hukujua. Na kama ungejua ni yangu?»

Hadassa angeweza kusema kitu ya tamu. Hakuna mutu angemushitaki.

«Ningetema, Papa.»

«Ya baba yako.»

«Ya baba yangu. Siku moja utaleta muzuri, na nitasema ni muzuri. Kama leo nasema uongo juu yako, ile siku nani atanisadiki?»

Papa Kitsa anainama ku kikombe ya katikati, ile ya miwa, anavuta tena, na makelele yote, sawa mutu mwenye alianza kazi zamani.

«Hii ni ya nani?»

«Ni ya mukulima sawa wewe,» anasema Gracien. «Kilima sawa ya kwako. Ye anaanika juu ya meza ya mbao, upepo inapita chini. Na anaiweka mbali na jikoni. Ni ile tu.»

«Ni ile tu,» Papa Kitsa anarudilia.

Nyuma ya ile, kazi inaendelea. Sample zingine zinangojea, ndoo inajaa, Hadassa anavuta na kutema sawa hakuna kitu ilipita. Mushahara yake? «Inalipa nyumba, inalipa kula, inatuma sukari kwa Mama,» anasema. «Gari, bado.»

Mais eko na mupango, na akianza kuisema, kijiko inatembea mu hewa. Anataka kufungua nyumba ndogo karibu na marché: moto, kisagio, meza ya kuzunguka. Siku ya soko, bakulima bashuke na kahawa yabo, na mbele ya kuuza, kila mutu avute kwanza ya kwake.

«Mukulima wa kwetu anajua kahawa kwa mukono, kwa mugongo, kwa kilo,» anasema. «Kwa mudomo, hapana. Mutu anamuambia ni mubaya, anasadiki. Anamuambia ni muzuri lakini bei iko chini, anasadiki. Mi nataka asadiki ulimi yake. Umeona Papa? Mara tatu tu, alishajua miwa na ndimu. Bangapi beko vile ku bilima, hapana jua?»

Na droit?

Anafikiri, anakwaruza shavu na kijiko. «Droit si mubaya. Falonne atakuwa muzuri kule, ye anapendaka maneno. Mi nilikuwa nalala. Hapa hata njaa sisikii. Shida ni moja: Papa hajasema kitu.»

Ni kweli, hajasema. Saa sita inafika. Inje, muchuuzi moja wa marché alishakubali kubeba kahawa ya moshi, ya kuuzia bantu ya Butembo benye banatia sukari mpaka kijiko inasimama. Bei yake si bei ya minerval, na kila mutu anajua. Moto yenye ilibaleta inangojea upande wa kuume, injini inawaka, Mama Kavugho alishapanda na anamuambia chauffeur maisha yake yote.

Hadassa anasindikiza baba yake mpaka ku barabara, blouse ingali mwilini. Papa Kitsa anafunga koti, kifungo kwa kifungo.

«Niliuzisha mbuzi mbili,» anasema. «Juu ya tranche ya kwanza ya minerval. Tungepita kuilipa leo.» Anagusa mufuko ya ndani. «Iko hapa.»

Hadassa anaangalia viatu vyake.

«Papa…»

«Mbao inauzwa wapi, hapa Butembo?»

Hadassa anainua kichwa. «Mbao ya nini?»

«Mbao. Ya meza. Ya kuanika.»

«Ku ba-menuisier, baseremala, kushoto, ukishuka mpaka chini. Mais Papa, na tranche?»

Papa Kitsa anamuangalia sawa banaangaliaka mutu mwenye aliuliza kitu yenye ilishajibiwa. «Papa Hadassa, tupande!» Mama Kavugho anaita juu ya moto. Muzee anageuka, anashika kushoto, na anashuka na miguu kwenda kwa ba-menuisier.